Somo la Mwanafunzi Mmoja

Kila Jumamosi asubuhi huwa nakaa kwenye maktaba moja hapa Columbus, Ohio, nikiwasaidia watoto wa majirani kazi zao za shule. Wengi ni Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi za Kigoma, Tanzania, kwa hiyo tunaelewana vizuri. Kiswahili chao na changu vinapishana kwenye majina ya mboga na kwenye matusi tu. Kila ikifika Februari, mwezi wa historia ya watu weusi hapa Marekani, chumba tunachokaa hubandikwa picha za watu weusi waliofanya makubwa. Machi zinabanduliwa. Mwaka huu mbanduaji alikuwa na haraka, akasahau moja: Katherine Johnson, mwanahisabati wa NASA, shirika la anga la Marekani, na miwani yake.

Kijana wangu mmoja wa miaka 13, mzaliwa wa kambi ya Nyarugusu, alikuwa amekwama kwenye theluthi mbili kujumlisha robo. Alikuwa amejumlisha ya juu kwa ya juu, ya chini kwa ya chini, akapata 3/7. Nilipotikisa kichwa, akaitazama ile picha, akasema, "Mjomba, yule alizaliwa nazo. Mimi hesabu zimenikataa."

Sisi watu wazima tunapenda kusema kwamba mtoto mweusi akiona watu wa rangi yake waliofanikiwa, naye atatamani. Huyu aliona, na alichojifunza ni kwamba yeye si wao. Picha inamwonyesha mtu akiwa ameshafika. Njia aliyopita haimo, na waliomshika mkono wamekatwa pembeni. Vyaelea, vimeundwa. Na chombo cha yule mama, mafundi wake wanajulikana.

Alizaliwa mwaka 1918 White Sulphur Springs, West Virginia. Katika wilaya yao shule ya watoto weusi iliishia darasa la nane. Ukimaliza hapo, basi. Baba yake, Joshua Coleman, mwenyewe aliishia darasa la sita. Alikuwa akilima na kufanya kazi za mbao, na bintiye alikuja kusimulia kwamba mzee aliweza kuutazama mti uliosimama akakutajia utatoa mbao ngapi. Mzee huyu aliihamisha familia hadi Institute, kilomita zipatazo 190, ambako kulikuwa na sekondari ya weusi ndani ya eneo la chuo. Mama na watoto wanne wakakaa huko wakati wa masomo. Yeye akabaki kule kwenye kazi ili kodi ipatikane. Wote wanne wakasoma hadi chuo. Katherine aliingia sekondari akiwa na miaka 10.

Chuoni, West Virginia State, akakutana na William Claytor. Huyu alipata shahada ya uzamivu ya hisabati mwaka 1933 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akiwa Mmarekani mweusi wa tatu kufika hapo. Wa pili, Dudley Woodard, ndiye aliyekuwa amemfundisha Claytor kule Chuo Kikuu cha Howard. Milango ya vyuo vikubwa vya weupe ilikuwa imefungwa kwa msomi kama yeye, ndiyo maana kichwa cha namna ile kilikuwa kikifundisha kwenye chuo kidogo West Virginia. Claytor akamwambia binti kwamba angefaa kuwa mtafiti wa hisabati. Binti akauliza kazi hiyo ataipata wapi. Akajibiwa kwamba hilo litakuwa tatizo lake mwenyewe.

Mimi jibu hilo nalipenda kuliko hotuba zote za mahafali nilizowahi kukaa juani kuzisikiliza. Hakumdanganya kwamba dunia inamngoja. Ila masomo ya hisabati ya chuo yalipomwishia, Claytor alitunga somo jipya la jiometri changanuzi kwa ajili yake. Darasa zima lilikuwa na mwanafunzi mmoja. Hebu fikiria: profesa anashika chaki, anageukia ubao, na nyuma yake yupo msichana mmoja tu.

Alihitimu mwaka 1937, na kazi ya kukokotoa pale Langley, kituo cha utafiti wa ndege huko Virginia ambacho baadaye kilikuja kuwa cha NASA, akaipata mwaka 1953. Miaka 16 katikati, mingi ya kufundisha na kulea. Mwaka 1962 mwanaanga John Glenn, kabla ya kurushwa kuizunguka dunia, alitaka namba zilizotolewa na kompyuta zihakikiwe na huyu mama kwa mkono. Hilo ndilo linaloandikwa chini ya picha.

Kuna utafiti uliofuatilia watoto weusi wapatao 100,000 wa North Carolina. Wavulana wa familia maskini sana waliopata japo mwalimu mmoja mweusi kati ya darasa la tatu na la tano, uwezekano wao wa kuacha sekondari ulipungua kwa asilimia 39. Mwalimu mmoja! Lakini walimu hao ni wachache. Baada ya hukumu ya mwaka 1954 iliyokataza kutenga shule kwa rangi, watoto weusi walihamishiwa shule za weupe, na walimu wao weusi kwa maelfu wakaachishwa kazi. Leo katika shule za umma za Marekani ni kama 6 kati ya kila walimu 100, wakati wanafunzi weusi ni kama 15 kati ya 100.

Na sisi wazazi tuliotoka Afrika Mashariki tuna letu. Kwetu mtoto alikabidhiwa mwalimu, mzazi akarudi shambani. Huku tunafanya vilevile, na mtoto anapotea kimyakimya. Shule ya kijana wangu ilishamshauri achukue hesabu nyepesi, barua ikaja kwa Kiingereza, baba yake akatia saini akidhani ni ya safari ya jumba la makumbusho. Hakuna aliyeuliza kwamba mwaka ambao wenzake walisoma hesabu za sehemu, yeye alikuwa kwenye mabasi na mahojiano ya ukimbizi.

Nikamsimulia habari za mzee Coleman na miti yake. Akacheka. "Kama baba!" Baba yake hupakia maboksi usiku kwenye ghala. Akilitazama trela mlango ukiwa wazi, anakwambia maboksi yaliyobaki yataenea au hayataenea, na hakosei.

"Alisoma hadi la ngapi, huyo mzee?"

"La sita."

Akanyamaza kidogo. Kisha akatafuta kifutio chini ya karatasi, akaifuta ile 3/7 hadi karatasi ikachubuka, akauliza kwa nini ya chini hazijumlishwi. Tulikaa hadi mhudumu wa maktaba alipoanza kuzima taa za upande wa pili.

Jumamosi ijayo nimemwambia aje na baba yake.