Mwacheni apumue, mmesahau ya Andrew Luck?

Mashabiki wanaolalamika kwenye habari hii kwamba kwotabeki wao, yule mrusha pasi mkuu wa timu katika futiboli ya Kimarekani, hana tena ile hamu ya mchezo, eti anainamisha kichwa akitoka uwanjani, wamenikumbusha Andrew Luck, kwotabeki wa zamani wa timu ya Indianapolis Colts. Agosti 24, 2019, habari za kustaafu kwake zilivuja wakati mechi ya maandalizi dhidi ya Chicago Bears bado inaendelea. Alipokuwa akiondoka, mashabiki wa nyumbani kwake wakamzomea! Alikuwa na miaka 29 tu.

Usiku uleule alieleza, sauti ikimkwama, kwamba kuumia, maumivu na matibabu yasiyokwisha vimemwondolea furaha ya mchezo. Mwaka 2015 figo ilichanika. Figo, jamani! Msimu wote wa 2017 hakucheza kwa ajili ya bega. 2018 akarudi, akatupa pasi 39 za tachidauni (zile zinazoleta alama mpira ukifika eneo la mwisho la mpinzani), kisha mguu nao ukamsumbua. Mtu kama huyo unamdai hamu gani?

Mwandishi, tunaomba ufuatilie afya ya huyu wa sasa. Umetuandikia hasira za mashabiki tu, mwili wake hukuugusa kabisa.