Asilimia 30 ya prolini ni nyingi kwa kipimo kipi?

Anayetaka kuvidharau vichocheo vya kikaboni, yaani molekuli ndogo zisizo na metali zinazoharakisha mmenyuko, huanza na namba moja: 30. Mwaka 2000 Benjamin List na wenzake waliunganisha asetoni na paranitrobenzaldihaidi kwa L-prolini, asidi amino ya kawaida kabisa, wakitumia asilimia 30 ya moli, yaani molekuli 30 za prolini kwa kila 100 za aldihaidi. Mavuno yalikuwa asilimia 68. Kwa hiyo kila molekuli ya prolini ilifanya kazi yake mara mbili na ushee tu. Iridiamu, kichocheo cha metali kinachotengeneza metolakloro, kiuagugu, huhudumia molekuli zipatazo milioni moja.

Pengo ni kubwa kweli, ila linahesabu molekuli badala ya kazi. Kwa gramu 1.51 za aldihaidi hiyo, prolini ni gramu 0.35. Huhitaji gesi ya kufukuza hewa: asetoni sehemu 1, kiyeyushi DMSO sehemu 4, joto la chumba, koroga. Ukimaliza mimina myeyusho wa amonia kloraidi, vuta zao kwa ethili asetati, prolini ibaki kwenye maji. Vichocheo vya metali ni tofauti: paladiamu au rodiamu ikisalia kwenye dawa ya kumeza, ICH Q3D, mwongozo wa kimataifa wa masalia ya metali kwenye dawa, unaruhusu mikrogramu 100 kwa siku, na kuishusha hadi hapo mara nyingi hudai hatua nzima ya ziada.

Hiyo 30 yenyewe inatoka wapi? Sehemu yake ni fidia: aldihaidi hunasa prolini na kuigeuza oksazolidinoni, kiwanja kisichochochea, ikatoka kazini. Mwaka 1974 wanakemia Hajos na Parrish, kwa mmenyuko mwingine wa prolini, walitosheka na asilimia 3, kwa kuwa pande mbili za mmenyuko zilikuwa ndani ya molekuli moja.

Hoja nzito ya wapinzani, ambayo ajabu huitaja kwa nadra, ni kiyeyushi. DMSO huchemka kwenye nyuzi 189, basi huishia kwenye majitaka. Uteuzi wa umbo la zao nao hauna uhakika: kwa aldihaidi ile, kati ya molekuli 100, 88 zina umbo moja na 12 umbo la pili, taswira yake ya kwenye kioo; kwa isobutiraldihaidi ni 98 kwa 2. Aldihaidi zisizo na tawi jirani na kabonili (kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu) huungana zenyewe kwa zenyewe.

Kiuagugu cha maelfu ya tani kibaki na iridiamu yake. Kiungo cha dawa cha kilo chache ni hesabu nyingine, mradi kichocheo kiwe rahisi kama prolini. Asidi za fosfori zitokanazo na molekuli iitwayo BINOL, kundi jingine la vichocheo vya kikaboni, hutengenezwa kwa hatua kadhaa, na kwa hizo kila asilimia ya moli inauma.