Kizazi kikitolewa, vilivyobaki vinashikwa na nini?

Mwanamke wa Rungwe au Makete anaambiwa kwamba uvimbe wa kizazi chake umekuwa mkubwa na kizazi inabidi kitolewe. Kama ana watoto watano, suala la kuzaa ameshalimaliza. Anachouliza ni kingine: kizazi kikishatoka, kibofu na utumbo vitashikwa na nini? Je, havitashuka? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba hayo ni maneno ya mtaani, mama, ondoa wasiwasi, saini hapa.

Wanaojibu hivyo wana sababu zao, na sababu hizo zina uzito. Uoga wa operesheni hii unaua. Wapo wanawake wanaoendelea kutokwa na damu mwezi hadi mwezi, wakinywa dawa za miti shamba, na kufikishwa hospitali HB (kipimo cha wingi wa damu) ikiwa 5, wakihitaji kuongezewa damu kabla hata ya kuingizwa chumba cha upasuaji. Kizazi kikipasuka wakati wa uchungu, au saratani ya mlango wa kizazi ikigundulika mapema, hakuna mjadala wa kano wala misuli. Mara nyingi kinatolewa ili mama apone. Isitoshe, ile picha ya shimo tupu linalobaki tumboni si ya kweli. Utumbo hujaa pale pale palipoachwa wazi na mwili huendelea na kazi. Na viungo vya nyonga, kama kibofu na kizazi, vinaweza kushuka kuelekea ukeni hata kwa mwanamke ambaye hajawahi kupasuliwa. Utafiti uliofanywa vijijini Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2018 uliwakuta asilimia 64.6 ya wanawake waliopimwa wakiwa na kiwango fulani cha kushuka, ingawa waliokuwa na hali mbaya kabisa walikuwa wachache. Mambo yaliyoonekana kuchangia yalikuwa kuzaa mara nyingi, kujifungulia nyumbani na kubeba mizigo mizito kwa saa nyingi.

Kwa hiyo daktari hadanganyi. Ila amejibu swali ambalo hakuulizwa. Mama hakuuliza kama atakufa. Aliuliza kitu cha ufundi kabisa, na kitabu cha upasuaji kinalijibu swali hilo kwa kirefu kuliko daktari anavyomjibu yeye.

Kizazi hakielei tumboni. Mlango wake na sehemu ya juu ya uke vimeshikwa na kano, nyingine zikienda nyuma hadi kwenye mfupa mpana wa chini ya mgongo, nyingine zikienda kwenye kuta za nyonga. Chini yake kuna misuli ya sakafu ya nyonga inayopokea uzito. Daktari akitoa kizazi pamoja na mlango wake, lazima azikate kano hizo. Yeyote aliyewahi kuona Fuso ikipakia viazi Uporoto anaelewa kinachofuata: ukishusha gunia lililofungiwa kamba, kamba inalegea kwa yote yaliyobaki, na kuli anayejua kazi yake huifunga upya kabla gari halijaondoka. Upasuaji nao una kufunga upya kwake. Kano zilizokatwa hushonewa kwenye kilele cha uke, na tangu mwaka 1957 Mmarekani Milton McCall alieleza namna ya kuzivuta pamoja kizazi kinapotolewa kwa njia ya uke, ili pasibaki nafasi ya utumbo kupenya na kilele kisishuke. Ni mishono michache. Muda wake ni mfupi. Tofauti kati ya mama aliyefungiwa vizuri na yule ambaye hakufungiwa haionekani kwenye kovu, wala haionekani siku anaporuhusiwa kurudi nyumbani.

Hapo ndipo takwimu moja inaponisumbua. Uingereza waliwafuatilia wanawake 17,032 waliosajiliwa kwenye kliniki za uzazi wa mpango kuanzia mwaka 1968, na matokeo kuhusu kushuka kwa viungo yakachapishwa mwaka 1997. Miaka mitatu baada ya kutolewa kizazi, mwanamke 1 kati ya 100 alikuwa amefanyiwa operesheni ya kurekebisha viungo vilivyoshuka. Miaka kumi na mitano baadaye walikuwa 5 kati ya 100. Anayetaka kutuliza watu atasema: asilimia tano tu! Na Wasweden nao, kwenye hesabu yao ya mwaka 2008, walipata asilimia 3.2 kwa waliotolewa kizazi dhidi ya asilimia 2.0 kwa wasiotolewa. Tofauti ipo, si kubwa.

Lakini tazama kinachohesabiwa. Wanaohesabiwa ni waliofika kwenye operesheni ya pili. Uingereza na Sweden, mama anayehisi kitu kinashuka anamwona daktari wake na kupewa rufaa. Mama wa Ileje au Ludewa anajifunga kitenge vizuri, anaacha kwenda kanisani kwa kuogopa mkojo kumtoka akikohoa, na anaishi hivyo. Katika hesabu ya namna hiyo yeye ni mzima. Tena tatizo linachukua miaka kujitokeza, wakati kliniki ya marudio ni wiki sita. Daktari anayesema hajawahi kuona mgonjwa wake aliyeshuka huenda anasema kweli tupu, kwa sababu mgonjwa huyo atakaposhuka daktari atakuwa ameshahamishwa vituo viwili, na faili halionekani. Halafu wale wanawake wa Uingereza walirudi kwenye maisha gani? Sidhani kama wengi wao walirudi kubeba ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 kichwani, kupanda mlima wenye utelezi wakati wa masika.

Upande wa pili una hoja hapa, na nzuri. Vipimo vimeonyesha kwamba kukohoa kwa nguvu au hata kuinuka kitini huongeza presha ya tumbo sawa na kubeba baadhi ya mizigo, hivyo katazo la kubeba mizigo baada ya operesheni halina ushahidi mzito kama tunavyodhani. Nakubali. Ila hoja hiyo huku kwetu inazidisha wasiwasi. Makete na Mufindi baridi ni kali, jiko la kuni linawaka ndani mlango umefungwa, na kikohozi cha muda mrefu kinatambulika kama kichochezi cha kushuka, sawa na choo kigumu. Mama anaagizwa apumzike wiki sita. Nani atachota maji? Viazi vikiwa tayari kuvunwa, na mnunuzi anataka lumbesa ijae, mapumziko yanaisha wiki ya tatu.

Kuna kundi moja ambalo kwao sioni mizani yoyote: wanaotolewa kizazi kwa sababu kimeshuka. Kwenye ule utafiti wa Uingereza, hatari yao ya kuhitaji operesheni nyingine ilikuwa mara 5.5 ya wale waliotolewa kwa sababu nyingine. Haishangazi. Kilichochoka ni kano na misuli, nacho kizazi kilifuata tu. Kukiondoa bila kushughulikia kilichochoka ni kumwadhibu abiria kwa kosa la dereva. Uholanzi waliwalinganisha wanawake 208 wenye kizazi kilichoshuka, nusu wakatolewa kizazi kwa njia ya uke na nusu kikafungiwa juu kwenye kano ya nyonga kikabaki. Majibu yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliobakiwa na kizazi hawakuwa nyuma ya wenzao. Ipo pia pete inayovalishwa ukeni kushikilia viungo, bila kisu chochote. Mama anayeambiwa njia moja tu hajapewa nafasi ya kuchagua.

Wengine hupendekeza kuacha mlango wa kizazi ili kano zisiguswe. Linavutia, lakini ushahidi haujaonyesha faida ya wazi, na mlango ulioachwa bado unaweza kupata saratani, hivyo uchunguzi lazima uendelee. Nisingelipigania hilo.

Ninalolipigania ni dogo. Naelewa foleni, daktari mwenye wagonjwa arobaini hawezi kufundisha anatomia. Lakini majibu matatu hayazidi dakika tano. La kwanza: kano zako nitazishonea kwenye kilele cha uke, nami nitaandika hivyo kwenye faili na kwenye karatasi utakayorudi nayo nyumbani. La pili: misuli ya chini inaimarishwa hivi, unaibana kama unazuia mkojo, unahesabu, unaachia, kila siku, na muuguzi atahakikisha unabana penyewe kabla hujaruhusiwa. La tatu: ukihisi uzito au uvimbe ukeni, hata ikiwa ni mwaka wa kumi, rudi, linatibika. Na kwa kuwa kwenye chumba cha ushauri mara nyingi mume yupo, jibu la tatu lina nyongeza inayomhusu yeye: ndoo za wiki hizo sita.