Kinyota Kimoja

Nilichotaka ni NetHack tu. Gemu ya tangu 1987, kwa asili haina picha hata moja: shimo lote limechorwa kwa herufi, na wewe mwenyewe ni @. Ya bure, megabaiti chache. Kazi ya dakika moja.

Ila wakati huo nilikuwa na wiki tatu kwenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na wa wiki tatu ndiye wa kuogopwa. Ule ushamba wa kuandika paswedi, isitokee hata nukta, nikadhani kibodi imekufa, ulikuwa umeshanitoka. Nikaona nijifanye fundi: sudo apt install games-*. Sudo ni kuamuru kama mkuu wa mashine, apt ndiyo inayoshusha na kuweka programu. Kinyota kile maana yake "na chochote kinachofuata". Sasa, Debian, ndiyo Linux niliyokuwa nayo, ina vifurushi vinavyokusanya gemu kwa aina: games-arcade, games-board, games-strategy, na kila kimoja huja na ukoo wake mzima.

Terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ikamwaga majina kama orodha ya wapiga kura. Mwishoni ikauliza, kwa adabu kabisa, iendelee? Y kubwa, n ndogo. Ile kubwa maana yake ukibonyeza Enter kimyakimya, umekubali. Juu yake palikuwa na mstari unaotaja nafasi itakayoliwa. Sikuusoma. Enter. Nikalala.

Kumbe apt yangu ilipima tu kama vinavyoshushwa vitaenea. Vikishafunguliwa, shauri yako. Vilishuka vyote, vikaanza kufunguliwa, diski ikajaa pomoni. Asubuhi naweka paswedi, skrini inafumba jicho, inanirudisha palepale pa paswedi. Mara nne.

Rafiki niliyempigia alicheka kwanza, ndipo akasema, "Haya, bonyeza Ctrl, Alt na F3." Skrini nyeusi, maandishi matupu. Tukapiga sudo apt clean, vifurushi vilivyoshushwa vikatupwa, tukapata pa kupumulia. Kisha tukafuta gemu moja moja, zikiwemo chesi kadhaa. Mimi hata chesi sijui.

"Sasa weka hiyo moja yako."

Nikaiweka, nikaicheza hapohapo kwenye weusi. Nikapewa mbwa, herufi d. Hatukufika mbali, zikatokea d nyingine tatu. Nikafurahi: mbwa wangu kapata wenzake! Nikazisogelea.

Mbweha nao huandikwa d.

NetHack ukifa hukuchorea kaburi. Jina langu limo, mwaka umo, aliyeniua katajwa. Hayo niliyasoma yote.