Mistari myekundu kwenye Kiswahili: tuongeze maneno au tuifundishe programu kunyambua?

Mi nataipu kazi za watu steshenari hapa Morogoro, mwaka wa tisa sasa, barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao vya vikoba, hati za mauziano ya viwanja, ripoti za wanachuo wakitoka mafunzo kwa vitendo. Na kila siku ni yaleyale, nikifungua dokumenti ya Kiswahili ukurasa mzima unakuwa mwekundu kwa mistari ya programu inayokagua tahajia, neno "hawajatulipa" lina mstari, "atakapowasili" lina mstari, jina la kijiji lina mstari, halafu katikati ya bahari hiyo kuna "wajumb" ambalo ni kosa la kweli na silioni, kwa sababu jicho lishazoea wekundu. Ukimwuliza mtu yeyote wa steshenari atakwambia alishazima hiyo mistari siku nyingi.

Sasa kila tukikaa wenzangu na mimi tunaofanya kazi hii, tukiongelea nini kifanyike, maoni yanagawanyika pande mbili, na nataka kuzipima zote kwa sababu kila moja ina ukweli wake.

Upande wa kwanza wanasema ongezeni maneno. Kila mtumiaji anapobofya kulia na kuongeza neno kwenye kamusi yake, maneno hayo yakusanywe pamoja, yachujwe, yarudi kwetu wote kama apdeti. Wazo ni rahisi na naelewa linavyovutia, maana mi mwenyewe kamusi yangu ina maneno mengi niliyoongeza kwa mkono, kwa nini mwenzangu wa Iringa aanze moja? Kwa majina ya watu na mahali wazo hili halina mpinzani kabisa, Mvomero na Kilosa ni maneno yasiyobadilika, ukishayaweka umemaliza.

Shida ni vitenzi. Chukua "pika" tu. Viambishi vya nafsi na ngeli vinavyoweza kukaa mwanzoni ni ni, u, a, tu, m, wa, i, li, ya, ki, vi, zi, ku, pa na mu, hivo ni 15. Njeo, yaani viambishi vya wakati, chukua nne tu, na, li, ta, me. Katikati unaweza kuweka ni, ku, m, tu, wa, u, i, li, ya, ki, vi, zi, pa, au usiweke kitu, hizo njia 14. Zidisha 15 kwa 4 kwa 14 unapata 840, na hapo hujagusa kukanusha, hujagusa nge na ngali, hujaweka "amba" iliyojificha kama kwenye "aliyempikia", hujaja kwenye pikia, pikwa, pikisha, pikika, pikiana ambazo kila moja inaanza hesabu upya. Toa zote ambazo hakuna mtu angezisema, toa hata nusu, bado kitenzi kimoja kinakula orodha nzima. Kwahiyo mtu anayesema tuongeze maneno mpaka yaishe hajakaa akahesabu, hayaishi.

Ndo maana upande wa pili wanasema programu ifundishwe kunyambua. Isitafute "hawajatupikia" kwenye orodha, ilivue vipande, ha, wa, ja, tu, pik, i, a, ione kila kipande kipo mahali pake halali basi inyamaze. Na hii sio ndoto ya mtu. Hunspell, ambayo ndo injini inayokagua tahajia ndani ya LibreOffice na Firefox, iliandikwa na László Németh kwa ajili ya Kihungari, lugha ambayo nayo inagandisha vipande, na inafanya kazi kwa mafaili mawili, moja la mashina na jingine la kanuni za viambishi. Wafini waliona lugha yao inahitaji zaidi ya hapo wakawa na injini yao, Voikko. Na Kiswahili chenyewe, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kazi ya kuchambua maneno yetu kwa kompyuta, kazi iliyokuja kuitwa SALAMA, akitumia mbinu ambayo Mfini mwenzake Kimmo Koskenniemi aliitoa 1983. Yaani kanuni za kuvua kitenzi cha Kiswahili zimejulikana kwa kompyuta tangu wengine wetu hatujazaliwa, na mimi leo bado naona mstari chini ya "hawajatulipa". Inauma, kusema ukweli.

Ila hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa orodha, kwa sababu kanuni nazo zina hatari yake na watu wengi hawaisemi. Kanuni inakubali kila kitu kilichoundwa vizuri hata kama sicho ulichotaka. Ukitaka kuandika "tutampikia mgeni" ukaruka i moja, unapata "tutampika mgeni", na programu inayojua kunyambua itapita bila neno, kwa sababu kupika mtu kisarufi hakuna tatizo. Programu ya orodha ambayo haimjui yeyote kati ya hao wawili itaweka mstari kwa wote, na angalau mtu ataangalia. Kwahiyo ukali wa orodha una faida, lakini faida hiyo inapatikana tu kwa mtu ambaye hajazima mistari, na nishasema wengi wetu walishazima. Mimi hapo nasimama na kanuni. Mistari michache inayosema kweli inasomwa.

Kuna njia ya kati ambayo naipenda kuliko zote. LibreOffice toka toleo la 6.0 la mwaka 2018 inakuruhusu, ukiongeza neno kwenye kamusi yako, utaje na neno la mfano ambalo neno jipya litafuata kanuni zake. Hebu fikiria ikifanya kazi sawasawa kwa Kiswahili: naongeza "chati" nasema ifuate "jibu", sio "pika", kwa sababu haiishii na a, na papo hapo ninachati, hawajachati, tulipokuwa tukichati vyote vinakubalika. Neno moja, kazi imeisha. Lakini ili iwezekane lazima faili la kanuni za lugha liwe limeandikwa kwanza, kama faili ni orodha tupu basi neno la mfano halina cha kurithisha. Na ningependa programu iniulize kwa lugha ya kawaida, hili ni tendo au ni jina, kama ni jina wingi wake ukoje, maana "bando" mwingine anasema bando mawili mwingine mabando mawili, na mtu wa kawaida hawezi kukwambia ngeli kwa namba ila wingi anaujua.

Tuje kwenye nani anaamua. Wa upande wa kukusanya maneno wanasema wengi wakiandika hivyo basi ndo sahihi. Mimi hapana, sio kwa kila kitu. Wengi wanaandika "zambi", "ela", "kuuwa", na hilo "kwahiyo" langu la kushikanisha, tukihesabu kura hayo yote yatapita, na mwanachuo atakatwa maksi kwa neno ambalo kompyuta ilimwambia liko sawa. Tuna BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, toka 1967, kuna kamusi, kuna mahali pa kuuliza. Lakini pia usanifu wetu una historia, ile Kamati ya Lugha ya 1930 ilijenga juu ya Kiunguja kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, halafu leo mtu wa Zanzibar anaandika "skuli", neno ambalo serikali yake inalitumia kwenye barua rasmi, anaambiwa amekosea? Au mtu anaandika "tafauti" kama alivyolelewa nalo, au Mkenya ameandika "tarakilishi", unamwekea mstari mwekundu kama wa "wajumb"? Hiyo sio haki. Ningeweka rangi mbili, nyekundu kwa kosa na nyingine kwa neno linalotumika mahali fulani ila sio kila mahali, mtu achague mwenyewe. Najua rangi zikizidi zinachosha macho, nakubali, lakini hapa naona uzito wa heshima ni mkubwa kuliko uchovu.

Programu kubadilisha neno bila kuuliza, hilo halina mjadala kwangu, kwa Kiswahili lizimwe toka kiwandani. Na "ng'ombe" libaki neno moja na hiyo alama yake ya juu, lisikatwe vipande viwili.

Halafu kuna wanaosema yote haya yamepitwa na wakati, siku hizi akili bandia inasoma sentensi nzima. Ni kweli, na kuna makosa ambayo hakuna orodha wala kanuni itayakamata. Mwaka huu mteja aliniletea muhtasari wa kikao nikautaipu, kopi 12, karudi baada ya saa moja kwenye ajenda ya nne imeandikwa wajumbe "walipiga kula". Kula ni neno, hakuna mstari. Kama "kufa" na "kufaa". Ila hizo huduma nyingi zinataka dokumenti iende kwenye seva ya mtu mwingine, na mimi napewa hati za mirathi, barua za talaka, nakala za vitambulisho, sina ruhusa ya mwenye karatasi kuituma popote, mbali na bando. Ningeridhika na kitu kidogo kinachokaa ndani ya kompyuta, orodha ya jozi zinazochanganywa, kikiona "kula" mara tu baada ya "piga" kiniulize. Kwa jozi hiyo kitapatia karibu kila mara.

Kwa nyingine kitashindwa, na hapo ndo napokaa muda mrefu. Hati ya mauziano ikisema "samani ya nyumba" inaweza kuwa makochi na vitanda vinauzwa pamoja na nyumba, au mtu alitaka kuandika "thamani ya nyumba" akasema th kwa s kama wengi wetu tunavyotamka. Zote mbili zinakaa vizuri kwenye hati moja, na tofauti yake ni mamilioni. Mimi nina karatasi nimebandika pembeni ya kioo, imeandikwa kula, samani, kufa, na kila kazi kabla sijaprinti nayatafuta moja moja, nikikuta samani namwita mwenye hati aje asome mwenyewe.