Buti namba 42, mguu namba 37

Mama yangu mdogo analima mwani Jambiani, Unguja. Mwaka juzi kikundi chao kililetewa msaada wa gambuti, buti nzuri tu, mpira mzito, tatizo zote ni 42 na 43 na yeye anavaa 37. Siku ya bamvua, maji yanapokupwa sana, akasema ngoja nizijaribu, akatia soksi pea mbili, akazikaza juu ya kisigino kwa taitai (taitai ndo ile kamba nyembamba ya kufungia mbegu ya mwani, kwa asojua), akaingia. Maji yalipopita goti buti zikajaa, akawa kila akinyanyua mguu, mguu unatoka buti inabaki kwenye tope. Sasa hivi moja imepandwa shubiri uani, nyengine sijui iko wapi.

Nimeikumbuka hii kwa sababu kuna mjadala haushi, mmoja anasema wanawake wa kazi za nje wapewe vifaa vya kujikinga vinavyowaenea, mwengine anajibu wakipewa hawavai, tushawaona. Na huyu wa pili msimdharau, kweli vinaachwa, mie nimeona kwa macho yangu. Ila kuviacha si ukaidi jamani, buti ilojaa maji baharini ni mtego, bora miguu mitupu na hao wadudu wa miba mirefu myeusi.

Halafu kuna wale wa "si wanunue saizi ndogo ya kiume, khalas". Hapa sikubaliani kabisa. Mguu wa mwanamke mara nyingi mwembamba kisiginoni hata kama urefu ni sawa, kwa hiyo buti ya kiume ya 39 inaenea mbele nyuma inapwaya. Glovu vidole vinazidi, sasa hebu nambie utafunga vipi taitai na vidole vyenye mkia. Ovaroli ndo balaa, ukipata ya kuenea nyonga basi mabega yanafika kwenye viwiko, na ukienda chooni uvue mpaka juu, kwenye saiti yenye choo kimoja cha mabati na wanaume ishirini wanasubiri. Na stara pia ni hoja ya kikazi, si ya dini tu, mtu akiona nguo inamuumbua ataivua au ataivalia kanga juu, na kanga inayopepea karibu na mashine ya zege mnajua wenyewe inavyokuwa.

Duka nalo lina hoja yake. Darajani, sokoni kule mjini Unguja, niliuliza buti ya 37 ya kazi, muuzaji akacheka, akasema katoni inakuja 40 mpaka 45, yeye akiagiza za kike zitamkalia mwaka mzima. Simlaumu sana, pesa yake ile. Lakini wakulima wa mwani wengi mno ni wanawake, tangu kilimo hichi kianze kibiashara mwisho wa miaka ya 80, kwa hiyo wateja wapo, ila wametawanyika Paje huku, Jambiani kule, Pemba mbali zaidi, na kila mmoja anakwenda dukani peke yake na pesa ya pea moja. Vikundi vikiagiza pamoja hesabu inabadilika.

Nani alipe? Hapo ndo pagumu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Namba 8 ya 2005, inamshika mwajiri, kwa hiyo dada anaefagia barabara au anaebeba zege ana mlango wa kugonga. Mkulima wa mwani hana mwajiri, anamuuzia mnunuzi kilo kavu basi. Anaeponda kokoto kwake nyumbani vilevile. Mie naona mnunuzi angechangia japo kidogo, ingawa najua jibu lake, atasema basi na bei nishushe, na bei yenyewe haijawahi kuwa ya maana.

Nguo tusiagize popote, mafundi cherehani tunao, suruali pana na kanzu fupi ya kitambaa kinachokauka haraka anashona fundi yeyote. Buti na glovu ndo hatuna ujanja. Na mambo yanazidi, maana maji ya kina kifupi yamekuwa na joto, kotoni (ile aina ya mwani, si pamba) inakufa, watu wanashauriwa wasogee kwenye kina kirefu, na wengi wa hawa mama hawajui kuogelea. Laifujaketi ya kifua cha mwanamme juu ya dira lilolowa inapanda mpaka masikioni.

Mama mdogo siku hizi anavaa raba za skuli za mwanawe wa darasa la saba, kazitoboa pembeni kwa msumari wa moto maji yatoke. Zinamuenea sawasawa. Miba tu ndo bado inapita.