Nukta nundu au sauti: aliyepofuka ukubwani aanze na kipi?

Kila tunapozungumzia maktaba za umma na wasioona, ombi linalotangulia ni rafu ya vitabu vya nukta nundu, yaani maandishi ya vitone vilivyoinuka yanayosomwa kwa vidole. Ni haki yao. Ila kuna msomaji anayesahaulika hapo: aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtu mzima.

Chukua fundi mwashi aliyeshika saruji na matofali miaka 30, kisha presha ya macho ikamzimia nuru akiwa na miaka 50. Shule ya wasioona hakuipitia. Mwekee ukurasa wa nukta mbele yake: vidole vina sugu, na zile nukta sita zinazounda herufi anazihisi kama mkwaruzo tu. Atajifunza, lakini kwa miezi. Gazeti analitaka leo.

Kwa huyo, sauti ina nguvu. NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, hailipiwi, na Kiswahili inakisoma. Sauti yake ni kavu, lakini sikio huizoea. Kitabu cha nukta nundu, kinyume chake, hudai karatasi nene na mashine maalumu, na riwaya moja hugeuka majuzuu kadhaa ya kujaza kapu.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema nukta nundu zimepitwa na wakati. Anayesikiliza tu hupata habari asijue neno limeandikwaje. Akitaka kusoma hotuba yake mbele ya watu, atasikilizaje na kusema kwa pamoja? Na asiyeona wala kusikia, sauti haimsaidii chochote.

Kinachoniuma zaidi ni kompyuta iliyojaa vitabu vilivyoskaniwa kama picha. Programu ikifika hapo inanyamaza, na msomaji anabaki ameshika kibodi. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017 na Tanzania 2020, unazitaka nchi ziruhusu nakala zinazosomeka kwa wasioona zitengenezwe bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Wachapishaji wanahofia nakala hizo kuvuja mitaani, na hofu hiyo naielewa. Ndiyo maana mkataba umezifunga kwa walengwa peke yao.

Fedha zikiwa chache, mimi ningeanza na sauti, pamoja na mkutubi wa kukaa na yule fundi saa mbili za kwanza mpaka azizoee funguo. Darasa la nukta nundu lifuate, mara moja kwa wiki, kwenye meza ileile.